Ganda la Kumi na Saba

Usiku wa baruti baba hakuwa mtu wa maneno.
Redio ilizimwa. Ulanzi wa jirani ulibaki barazani,
umefunikwa sahani, ukichachuka peke yake.
Kihesa, mwezi wa pili,
mvua inahesabu mabati na haifiki mwisho.

Juu ya meza: mizani ndogo aliyoinunua
kwa mfanyabiashara wa dhahabu wa Chunya aliyefilisika,
mashine ya kushindilia, mpini wake umevalishwa soksi,
na maganda hamsini yamesimama wima
kama watoto wa chekechea wakingoja uji.

Bastola yenyewe aliachiwa na Mgiriki wa tumbaku
siku alipouza trekta la mwisho.
Nzito. Bastola ya nyati aliyejeruhiwa,
yule anayekuzungukia kwenye majani marefu akurudie kwa nyuma.
Kibali chake kilikaa ukutani, ndani ya fremu,
kando ya picha ya kipaimara changu.
Risasi zake Iringa hazikuwapo, Dar hazikuwapo,
basi shaba ileile ikarudi mezani kila masika,
na baba akailaza kiganjani, akaizungusha taratibu,
akitafuta ufa mwembamba kuliko unywele.
"Shaba nayo huchoka," alisema.
"Ila haikwambii. Inapasuka tu."

Kazi yangu, na miaka yangu kumi na mmoja,
ilikuwa kushika tochi na kutaja hesabu.
Fataki imekaa? Imekaa. Baruti? Tayari.
Moja.
Fataki imekaa? Imekaa.
Mbili.

Mahali fulani katikati ya usingizi na hesabu
mlango ukagongwa.
Mama Sigala, kitenge chapachapa, Wende mgongoni,
macho ya mtoto yamegeuka yakawa meupe.
Baba hakutafuta viatu.
Pikipiki ikakohoa mara tatu, ikakubali,
taa nyekundu ikateremka kuelekea Frelimo
nami nikabaki na tochi
na maganda yaliyoachama, yananitazama.

Alirudi alfajiri.
"Mtoto yuko hai."
Akanawa mikono, akainawa tena, akaketi.
"Tulifika ngapi?"

Nilitaka kuwa wa msaada. Nilitaka kuwa mkubwa.
"Kumi na saba."
"Una hakika?"
"Ndiyo, baba."

Akanitazama muda ambao chai ingeweza kuchemka,
kisha akachukua nyundo ya kufumulia
akaanza na lile la kwanza kabisa.
Ta. Risasi pembeni. Baruti kwenye mizani.
Ta.
Sindano ya mizani ikatikisika, ikatulia palepale.
Ta.
Hata yale yaliyokuwa bado wazi aliyapindua moja moja,
akapuliza ndani, akachungulia.
Jua lilipoingia dirishani, vipimo vyote vilikuwa sawasawa,
na yalikuwa kumi na saba, barabara.

Nilikuwa nimesema kweli bila kuijua.
Mpaka leo sijapata jina la uongo wa namna hiyo.

Baba hakunigombeza.
Alibeba baruti yote kwenye bakuli la ugali
akaimwaga kwenye tuta la figiri la mama.
"Lakini hatukukosea!" nikalia.
"Jana hatukukosea," akasema. "Leo ndiyo tunajua."
Figiri za mwaka ule mama aliziogopa,
akazipika akiwa amesimama mbali na jiko.

Mwaka jana, wiki moja baada ya arobaini yake,
walikuja askari wawili kuichukua bastola:
koplo mwenye mafua, na msichana mwenye daftari
ambaye viatu vyake vilijaa tope jekundu la Kihesa.
Kila kitu kilikuwa kwenye boksi la biskuti,
na juu ya mfuniko mwandiko wa baba, wino umefifia: 50.

"Hamsini, siyo?" Kalamu ilikwisha kugusa karatasi.
"Una hakika, dada?"

Nikasema, ngoja kwanza.
Nikavuta kiti,
nikafunua boksi,
nikamwomba koplo anishikie tochi.